Msamaha wa Adolf Gervasi

Ukumbi mzima uliangua kicheko pale Telesphory wa kwenye filamu alipojikwaa kwenye ngazi ya baa, akaanguka kifudifudi huku ameikumbatia ngoma ya wizi. Alikuwa kijana mwembamba, mwigizaji kutoka Dar es Salaam, kavalishwa suruali ya bugaluu na shati lenye vifungo vitatu wazi, pombe inamchuruzika kidevuni. Rozalia hakucheka. Alikuwa safu ya nne, ubavuni kwa Telesphory mwenyewe, mumewe wa ndoa, mzee wa miaka sitini na minane ambaye tangu amjue hajawahi kumwona akiyumba, labda siku za malaria.

Alimtazama kwa pembe ya jicho, akitegemea kumkuta ameinamisha kichwa. Telesphory alikuwa anatabasamu. Vidole vyake vilikuwa vinapigapiga magoti, vikifuata mdundo uliotoka kwenye spika.

"Twende zetu," Rozalia alimnong'oneza.

"Subiri kidogo, Mama Scola. Wimbo wa treni bado."

Filamu iliitwa *Kelele za Migebuka*. Ilikuwa habari ya Migebuka Rock, bendi yenye jina la samaki wa ziwani, vijana watano wa Kigoma waliopiga roki kando ya ziwa miaka ya themanini, mpaka watu wa Bujumbura wakawa wanavuka kuja kuwasikiliza. Kiongozi wao, mpiga gitaa Adolf Gervasi, ndiye aliyekuja kuwa mtu mkubwa huko Dar, na ndiye aliyewasimulia watengenezaji. Kwa masimulizi yake, bendi ilikufa mwaka 1984 kwa sababu mpiga ngoma, mlevi, aliiba vyombo vyote vya muziki vya Mzee Leonardi mwenye baa, akamuuzia mlanguzi wa Kikongo mwenye tumbo kama pipa. Mpiga ngoma akatiwa mahabusu. Adolf akapanda treni peke yake, gitaa lake mgongoni, machozi yanamtoka.

Rozalia alikuwa anamjua aliyeuza vile vyombo. Aliviona kwa macho yake vikipakiwa kwenye boti pale Ujiji, kumepambazuka, yeye amekwenda kungojea samaki: Adolf kashika upande mmoja wa spika, na upande wa pili kashika mfanyabiashara mmoja wa Ujiji, jina lake Jumanne. Alisema wakati uleule. Alimwambia Mzee Leonardi, akasema na kituoni, akajibiwa kwamba mke gani asiyemtetea mumewe. Telesphory alikaa mahabusu miezi mitatu. Alipotoka hakulizungumza tena jambo lile, na kila Rozalia alipolianzisha alimwambia, "Yaache, yamepita." Rozalia aliyaacha mdomoni tu.

Naye alikuwamo kwenye filamu. Alikuwa kasichana kanakolia mlangoni, hakana neno hata moja la kusema. Majina yalipopita mwishoni, mwigizaji wake aliandikwa: Mke wa Mwizi.

Taa zilipowashwa watu walisimama wakapiga makofi. Telesphory naye alisimama akapiga. Mtu mmoja wa safu ya nyuma akamtambua, akamwonyesha mwenzake kidole, na kidole kile kikaanza kutembea ukumbini, safu kwa safu, hadi mlangoni.

*

Jumatatu, sokoni Kibirizi kando ya ziwa, hapakuwa na habari nyingine. Boti zilikuwa zimeingia na dagaa wengi, lakini wachukuzi walikuwa wamesimama na ndoo vichwani wakibishana. Mmoja alisema filamu ni kali, imeitoa Kigoma, na sasa hata watu wa Dar watajua kwamba huku si mawese na dagaa tu. Mwenzake akasema roki gani ile, makelele matupu, bora wangetengeneza ya singeli. Wa tatu akasema yeye kilichomuudhi ni ziwa, maana ziwa walilolionyesha si hili, vile vilima havipo.

"Mimi pale kwenye treni nililia mpaka mtandio ukalowa," alisema Hidaya, mama wa Ujiji aliyeanika dagaa wake jirani na Rozalia mwaka wa kumi na mbili sasa. "Yule Adolf, jamani. Kumpoteza rafiki vile."

"Amempoteza vipi?" Rozalia aliuliza. "Mbona rafiki mwenyewe yuko nyumbani kwangu Katubuka anakunywa uji?"

Hidaya alikumbuka anazungumza na nani. "Si nasema ya filamu, Mama Scola. Filamu tu."

Akaja mteja kutoka Kasulu, mwanamke mnene mwenye haraka. Akachota dagaa kwa vidole, akanusa, akauliza bei, kisha akaitazama ndoo ya kupimia kwa chini na kwa juu.

"Na hii ndoo ni nzima? Isije kuwa kitako nacho kimeuzwa Kongo."

Wachukuzi waliangua kicheko. Mmoja akapiga tumbo lake kama ngoma, akaimba, "Mzee Tele, usituuzie ngoma!" Na Hidaya, Hidaya aliyekwenda naye misibani na arusini, alicheka kabla hajajiziba mdomo kwa kiganja.

Rozalia alimpimia yule mwanamke. Alijaza ndoo mpaka ikafanya kichuguu, akamimina kwenye mfuko wa mteja. Lakini tangu saa ile hasira yake ilipata makao. Haikuwa tena hasira ya kulia nayo. Ilikuwa hasira ya kupangia kazi.

*

Jumatano alikuja Thobias, mwenyekiti wa kwaya ya parokia, amevaa shati la kwendea mikutanoni. Ngoma za kwaya zilikuwa zinawekwa kwa Telesphory, kwenye chumba cha uani, kwa miaka ishirini. Ndiye aliyezikaza ngozi, ndiye aliyezianika kabla ya sikukuu, na ndiye aliyewafundisha vijana wote wanaozipiga.

"Mwakeye, Mzee Tele," Thobias alisalimu kwa Kiha, kisha akahamia Kiswahili, kama afanyavyo mtu mwenye jambo la ofisini. "Kamati imeonelea ngoma zihamie sakristia. Kule kuna nafasi."

"Sakristia inavuja," alisema Telesphory.

"Tutaziba."

"Mbona miaka yote hii hamkuona nafasi?" Rozalia aliuliza kutoka mlangoni.

Thobias alikohoa. "Mama Scola, hakuna anayemtuhumu mtu. Ni maneno ya watu tu, na kwaya ni kitu cha watu."

Telesphory mwenyewe ndiye aliyezitoa, moja moja. Aliifuta kila moja kwa kitambaa, akamwelekeza Thobias ile kubwa isilazwe kwa ubavu. Pikipiki ya matairi matatu ilipoondoka nazo, alirudi akakaa kwenye kiti chake, akakunja mikono kifuani, akaikunjua tena. Mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa.

Binti yao Scola, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi jioni akakuta hali hiyo. "Lakini mama, wameandika pale mwanzoni kwamba imetokana na hadithi ya kweli. Imetokana. Hawajasema ndiyo kweli yenyewe. Watu wazima wanapaswa kuelewa."

"Waeleweshe wewe basi, mwalimu. Anza na Thobias."

"Mimi filamu sikuipenda kwa lile la baba. Ila muziki, mama, siwezi kusema uongo. Sikujua baba alikuwa anapiga vile."

"Zile ngoma ni zangu," Telesphory alisema ghafla. "Wamechukua kanda ya zamani. Yule kijana anaigiza tu mikono, anayepiga ni mimi." Macho yake yalimeta. "Wamenitukana, lakini wamenipiga kwenye spika kubwa. Mama Scola, hujasikia? Nilikuwa hodari."

Rozalia alimtazama mumewe. Alitamani amtingishe mabega. Alitamani pia amkumbatie, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

*

Siku ya pili yake alibisha hodi Erasto, kijana aliyeiongoza filamu, mzaliwa wa hapahapa, heshima nyingi, shikamoo za kuinama. Alikuja na habari njema, alisema. Jumapili saa tisa kutakuwa na onyesho la pili, na Adolf Gervasi anakuja mwenyewe kwa ndege. Angependa Mzee Telesphory awepo jukwaani.

"Kufanya nini?" Rozalia aliuliza.

"Mzee Adolf anataka kumsamehe, mama. Hadharani. Amesema miaka arobaini ni mingi, hataki kufa na kinyongo. Watakumbatiana, na mzee atapokea zawadi ya televisheni, ile kubwa ya ukutani. Itakuwa kitu cha kugusa sana."

Scola aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Amsamehe baba? Kwa lipi? Kaka, toka, tafadhali, kabla sijakosa adabu."

"Nitakwenda," alisema Telesphory. "Nataka kumwona Adolf."

"Baba!"

"Tutakwenda wote," Rozalia alisema, sauti yake tamu kama ya mtu anayekaribisha wageni. "Mwambie Adolf shemeji yake anamsalimu. Na hapo jukwaani, mwanangu, kutakuwa na kipaza sauti?"

"Vitakuwa viwili, mama."

"Vizuri. Kunywa chai."

*

Ijumaa, watu walipokwisha kutoka msikitini, Rozalia alichukua bajaji mpaka Ujiji. Alimkuta Mzee Jumanne barazani kwake, kioo kidogo mkono wa kushoto, mkasi mkono wa kulia, anajipunguza ndevu. Alikuwa na miaka sabini na minane na bado amenyooka, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Shikamoo, Mzee Jumanne."

"Marahaba, karibu. Sijakutambua vizuri, ni nani?"

"Mke wa Telesphory. Wa Migebuka Rock."

Mkasi ulisimama hewani.

Rozalia alikaa bila kuambiwa. "Filamu umeiona?"

"Nimeiona. Nzuri. Mavazi yale, nyimbo zile. Imenirudisha ujanani."

"Na yule mlanguzi je?"

Mzee aliweka kioo chini, kimelala kifudifudi. Kisha yakamtoka maneno aliyokuwa ameyafungia wiki nzima. "Mimi Mkongo? Babu yangu na baba wa babu yangu wamezikwa Ujiji hii. Na lile tumbo! Mimi nilikuwa na tumbo lini? Marehemu mke wangu Asia alikuwa ananipunguzia kila suruali niliyonunua. Wamenifanya mtu anakula kuku mzima huku mafuta yanamwagika, anaongea kama kichaa."

"Wajukuu zako wameiona?"

"Wote."

"Wanajua kwamba ni wewe?"

"Hakuna anayejua."

"Neno moja tu likisemwa watajua. Na watakujua kwa sura ileile, ya kuku na mafuta."

Mzee alimkazia macho. "Unanitisha, mwanangu?"

"Ndiyo. Kama hukuelewa nitarudia."

Ng'ambo ya pili ya njia mtu alikuwa anagonga bati, ko, ko, ko. Jumanne alisikiliza mpaka ile sauti ikakatika. "Nilinunua kwa halali," alisema polepole. "Adolf aliniambia bendi imekubaliana. Niliposikia mumeo kakamatwa niliogopa. Nikasema nikijitokeza na mimi nitaingia ndani. Nikavuka ziwa, nikakaa Uvira mwaka mzima."

"Alikudanganya. Hakuna aliyekubali."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Basi Jumapili njoo useme ulivyoambiwa. Usiseme zaidi, usiseme pungufu. Saa tisa. Vaa kanzu nzuri, watu wakuone kiuno."

Alipotoka hakujua kama atakuja. Lakini bajaji ilipokata kona aligeuka, akamwona mzee amesimama barazani, anajipapasa tumbo kwa viganja viwili.

*

Jumapili ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Filamu ilionyeshwa, watu wakacheka palepale walipocheka wenzao, wakalia kwenye treni. Kisha taa zikawaka na Adolf Gervasi akapanda jukwaani.

Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi tititi, suti ya buluu, viatu vyenye ncha. Alimkumbatia Telesphory kwa nguvu, na Rozalia aliyekaa kiti cha nyuma jukwaani aliona jinsi mumewe alivyofumba macho kifuani kwa mtu yule, kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

"Watu wa Kigoma," alisema Adolf, "huyu alikuwa zaidi ya ndugu. Alinikosea. Alitukosea wote. Alizizima ndoto za vijana watano. Nimelala na uchungu huo miaka arobaini. Lakini leo, mbele yenu na mbele ya Mungu, mimi Adolf nimemsamehe!"

Makofi yalirindima. Wanawake walipiga vigelegele. Boksi la televisheni lilisukumwa mbele, limefungwa utepe mwekundu, na Erasto akamsogezea Telesphory kipaza sauti aseme ahsante.

Mkono uliokipokea ulikuwa wa Rozalia.

"Mimi naitwa Rozalia," alisema. "Ndimi yule mke wa mwizi. Kwenye filamu hawakunipa neno, kwa hiyo nimekuja na langu. Adolf, vyombo vya Mzee Leonardi uliviuza wewe. Nilikuona Ujiji asubuhi, umeshika spika. Uliviuza ukakata tiketi ya treni, ukamwacha mwenzako mahabusu. Leo umepanda ndege kuja kumsamehe. Mtu uliyemla umekuja kumsamehe?"

Ukumbi ulichafuka. "Mshusheni huyo mama!" "Mwacheni aseme!" "Tumekuja kuangalia filamu, si kesi!" Watu wawili wa safu ya mbele walikuwa wanashikana mashati. Adolf alitabasamu, akainua mkono wa kutuliza.

"Shemeji ana uchungu. Namwelewa."

"Uchungu wangu unaujua? Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kila siku nilitembea kutoka Ujiji na bakuli la ugali mpaka mahabusu, na nilirudi kwa miguu. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Aliishi siku tisa. Baba yake hakumwona. Hiyo umeiweka dakika ya ngapi kwenye filamu yako?"

Kelele zilikatika. Tabasamu la Adolf lilibaki usoni lakini halikuwa na mwenyewe. "Pole, shemeji. Hilo sikulijua. Lakini kusema niliuza mimi, shahidi wako ni nani?"

Rozalia aliangaza safu kwa safu. Halafu upande wa kulia, karibu na nguzo, ikainuka kanzu nyeupe.

"Mimi ndiye yule mwenye tumbo," alisema Mzee Jumanne. Aliibana kanzu kiunoni kwa mikono miwili, akageuka kushoto, akageuka kulia. "Litafuteni." Watu walicheka, naye akangoja mpaka wamalize. "Vyombo vile nilikabidhiwa na huyu wa suti ya buluu, mkono kwa mkono. Mpiga ngoma hakuwapo. Naapa, na mimi ni mtu wa kesho au keshokutwa kaburini, sina faida ya uongo."

Adolf aligeuka mzima mzima. Jasho lilikuwa limeanza kuiyeyusha rangi ya nywele, mstari mweusi unashuka sikioni. "Tele!" alipiga kelele. "Tele, waambie! Waambie basi kwamba tulikubaliana!"

Neno lile likabaki hapo mbele za watu. Kutoka dirishani sauti ya kijana ikauliza, taratibu kabisa, "Kumbe mlikubaliana?"

Hapo ndipo Adolf alipoelewa alichokisema. Naye Rozalia akaelewa kitu kingine. Alimgeukia mumewe.

Telesphory alikichukua kipaza sauti mkononi mwa mkewe bila kumtazama. "Ni kweli," alisema. "Adolf alisema kuna watu wa kurekodi Dar. Tutauza vyombo, atatangulia, atasaini mkataba, atamlipa Mzee Leonardi, atatuma nauli ya wote. Ilitakiwa mtu mmoja aseme aliacha mlango wazi. Nikasema mimi. Aliniambia nitashikwa siku mbili. Nilikubali siku mbili. Sikukubali miezi mitatu. Adolf, nilikuwa nakungoja. Kila mlango ulipofunguliwa nilisema ni wewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha kutoka nyuma mchukuzi mmoja wa Kibirizi akapaza sauti, "Adolf, usituuzie ngoma!" na ukumbi mzima ukaitikia. Walimwimbia hadi mlangoni, wakamwimbia hadi kwenye gari. Aliyekuwa analia kwenye treni saa moja iliyopita alikuwa anaimba. Erasto alisimama peke yake pembeni ya boksi la televisheni.

Kile Rozalia alichokitaka alikipata chote, kimejaa na kumwagika. Lakini katika bajaji ya kurudi Katubuka alimpa mumewe kisogo. Scola alikaa katikati yao, akiwatazama kwa zamu.

*

Asubuhi, kabla ya saa ya ndege, Adolf alikuja kwa miguu. Hakuwa na suti. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa kwenye kigoda ingawa kulikuwa na viti.

Telesphory alikuwa dirishani. Rozalia alimletea mgeni chai na mkate, akaweka na sukari, kwa sababu nyumba yake haikuwahi kumkalisha mtu mkavu na haitaanza leo.

"Sikulala," Adolf alisema. "Shemeji, Tele, nilipofika Dar mambo hayakuwa kama nilivyoambiwa. Mkataba haukuwapo. Niliona aibu kurudi. Mwezi ukawa mwaka. Nikaanza kuwasimulia watu kwamba vyombo viliibwa, na nilivyosimulia sana..." Aliacha. "Mwishowe nilikuwa naiona hivyo mwenyewe. Mlevi, ngazi, yote. Sikuwa nadanganya tena, nilikuwa nakumbuka."

Aliongeza sukari kwenye chai, akakoroga.

"Nimekuja kuomba msamaha. Erasto atairekebisha filamu. Shemeji, niambie unataka nini."

Rozalia alikuwa amekaa mbele yake, kanga imefungwa vizuri, mikono juu ya mapaja. "Nataka ujue kitu kimoja. Jana sikukisema mbele za watu, si chao. Mtoto alikuwa wa kiume. Nilipopeleka ugali nikiwa na mimba, baba yake aliniambia kupitia dirishani: akiwa wa kiume, mpe jina la rafiki yangu. Nilikuwa nimeshakuona Ujiji na spika. Sikutaka. Lakini ni mwanamume yuko ndani, analia, ameomba kitu kimoja. Nikampa. Padri alimbatiza siku ya tatu. Adolf Telesphory. Siku ya tisa nikamzika Adolf."

Kikombe kilikuwa kimefika nusu ya njia. Adolf alikirudisha, kikakosa kisahani, chai ikamwagika mezani na kuanza kutiririka sakafuni. Alimtazama Telesphory.

"Ni kweli?"

"Jina nililitoa mimi," alisema Telesphory.

Machozi yalimtoka Adolf, ya kweli safari hii, mabaya kuyatazama, pamoja na kamasi. Rozalia alimwangalia bila kupepesa. Hakumpa kitambaa.

"Sikusamehe," alimwambia. "Sitaki ufikiri umekuja bure, kwa hiyo nakwambia wazi. Ukifa nitakuja kwenye msiba wako, nitakaa na wanawake wenzangu, nitakula, nitarudi kwangu. Hilo jina ondoka nalo. Mimi nimelibeba miaka arobaini na moja, sasa ni zamu yako. Chai yako imemwagika. Ndege itakuacha."

Mtu yule aliinuka kwa shida, mkono ukutani. Mlangoni alihangaika na viatu, mguu wa kulia unaingia cha kushoto, mpaka akavibeba mkononi akaondoka peku. Rozalia alisimama kizingitini akamsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa njia. Alijichunguza moyoni akitafuta huruma, hakuiona, akatafuta majuto, hayakuwepo. Alijisikia kama mtu aliyekula akashiba.

Alifunga mlango. Alifuta chai mezani, akafuta sakafu, akakamua kitambaa. Telesphory alikuwa bado dirishani, mgongo umemwelekea.

"Mama Scola," alisema, "nilijua ukijua utaniacha."

"Ningekuacha."

"Na sasa?"

Rozalia aliweka kitambaa chini. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya dirisha, akakaa, magoti yao karibu kugusana. Nje jua lilikuwa limeshapanda, na Kibirizi boti zilikuwa zimeshaingia, lakini hakuitazama saa.

"Anza siku ya kwanza," alimwambia. "Ile Adolf alipokuja na hilo wazo. Mlikaa wapi, nani alisema nini, na mimi nilikuwa wapi. Usiruke hata neno."

Telesphory alijilamba midomo, akaanza.